Nilichemsha maji miaka saba

Kijana wangu alipong'oka meno ya mbele, darasa la kwanza, tulimtania kibogoyo mpaka akanuna. Ya ukubwani yalipoota, utani ukaisha. Yalitoka na michirizi ya kahawia, kama mtu aliyekunywa chai ya rangi akasahau kusukutua. Nikamsugua kwa mswaki mpaka ufizi ukatoa damu. Kumbe rangi ile imo ndani ya jino lenyewe.

Kilichoniuma ni kwamba mimi ni mtu wa kuchemsha maji. Hapa kwangu Usa River hata mgeni hapewi maji mabichi. Jioni sufuria kubwa inapanda jikoni, yanatokota, yanalala yamefunikwa, asubuhi nayachuja kwa kitambaa cheupe na kuyatia kwenye ndoo ya koki. Kuhara tulikusikia kwa majirani.

Mama mkwe, mzaliwa wa Maji ya Chai, wala hakushtuka. "Mwanangu, hayo ni meno ya kwetu," akasema, akacheka nikayaona yake. Ni kweli, ukienda Dar ukifungua mdomo tu wanakuuliza, "Wewe wa Arusha?" Yeye anaona ni kitambulisho. Mimi sikuona hivyo, hasa nikikumbuka wazee wa huku wenye miguu iliyopinda na migongo isiyonyooka. Madini ya kwenye maji yanayotia meno rangi hii, yakizidi sana kwa miaka mingi, hayaishii kwenye meno.

Ni floraidi. Mlima Meru ni volkeno, na maji yanayopita kwenye mawe yake huiyeyusha na kushuka nayo. Moto unaua vijidudu, lakini floraidi si kijidudu, na haitoki na mvuke. Lita kumi zikichemka zikabaki tisa, floraidi ya zile kumi yote imo kwenye tisa. Kwa hiyo mimi, kwa usafi wangu wote, nilikuwa naikoleza! Shirika la Afya Duniani linashauri isizidi miligramu 1.5 kwa lita. Ya bomba letu tulipoyapeleka maabara yalisoma zaidi ya mara tatu ya hapo. Na bado nilikuwa natia magadi kwenye makande ili yaive haraka. Magadi nayo yana floraidi. Siku hizi maharage naloweka usiku, na gesi ikiisha mapema basi.

Sasa tunatumia mkaa wa mifupa. Kituo cha Wizara ya Maji pale Ngurdoto, jirani zetu kabisa, kimeushughulikia kwa miaka mingi: mifupa ya ng'ombe inachomwa kwenye tanuri lenye hewa kidogo, inasagwa chengachenga, na chenga hizo hunasa floraidi maji yakipita polepole. Ndoo ya juu ina chenga, ya chini ina koki. Maji ya mwanzo yalitoka meusi yakinuka kama nyama iliyoungua, mume wangu akakataa hata kuyaonja. Niliisuuza siku mbili ndipo yakawa maji. Ubaya wake ni kwamba mkaa ukichoka hausemi. Ladha ile ile, rangi ile ile, floraidi inapita tu. Inabidi upime, na ubadilishe chenga kabla ya kuona dalili yoyote, maana dalili yenyewe ni jino la mtoto. Wanaouza ndoo hizo bila kukuambia hilo wananiudhi.

Kuchemsha sijaacha. Nachuja kwanza, ndipo nachemsha. Masika yakija nakinga ya bati kwenye simtanki, baada ya kuacha mvua ya kwanza ioshe vumbi na kinyesi cha ndege. Maji ya mvua karibu hayana floraidi, ila vijidudu vimo, nayo yanapanda jikoni.

Kwa kaka mtu tulichelewa. Jino la ukubwani hujengeka ndani ya ufizi wakati mtoto bado ana meno ya utotoni, na yale ya utotoni, meupe pee, ndiyo yaliyonidanganya. Ndoo iliingia nyumbani mdogo wake akiwa na miaka miwili. Mwezi huu ametimiza sita. Juzi nilimlaza mapajani nikamulika kinywa kwa tochi ya simu: meno mawili ya chini yamechungulia. Moja jeupe. La pili lina mstari mwembamba kama uzi, rangi ya chai ya maziwa.

"Mama, yapo mangapi?" akauliza.

"Mawili," nikamwambia, nikazima tochi.