Jani likageuka hereni

Watu wakiona hereni zangu huniuliza ile mishipa ya jani naichonga na nini. Siichongi jamani! Jani lenyewe ndilo linalofanya kazi. Nalikausha, nalipaka nta nyembamba upande wa nyuma lipate unene, nalizika kwenye plasta, kisha tanuri linaliunguza mpaka libaki pengo tupu. Humo ndimo namimina fedha iliyoyeyuka. Natumia ile ya 925, yaani sehemu 925 kati ya 1000 ni fedha na zilizobaki ni shaba, maana fedha tupu ni laini mno, hupinda ovyo.

Juzi nimevunja plasta nikakuta hata tundu alilotoboa kiwavi limetoka vilevile, kingo zake zimejikunja kidogo. Mteja akataka nilizibe. Nikamwambia hilo ndilo pambo lenyewe. Akakubali, japo kwa shingo upande.

Siku hizi naangalia sana kazi za René Lalique, yule sonara wa Ufaransa. Miaka ya 1890 wenzake wanashindana kwa almasi, yeye anachonga pembe ya ng'ombe na kutengeneza kereng'ende.

Sasa nimehamia kwenye maganda ya mbegu. Mwenye kujua namna ya kuyakausha yasipasuke, anipe siri.