Nyongeza ya dagaa

Tangu Jumapili ya juzi, mama anayeniuzia dagaa pale sokoni Kirumba, hapa Mwanza, hanipi nyongeza. Ananipimia sado yangu, anaifuta juu kwa kiganja mpaka inalala sawasawa na mdomo wa ndoo, anafunga mfuko, basi. Zamani akishapima alikuwa ananitupia konzi moja, siku nyingine mbili, na utani juu yake. Leo nimemuuliza, "Mama, nyongeza yangu iko wapi?" Akanijibu bila kuinua macho: "Katoe kwenye riba." Wenzake wakaangua kicheko. Nami nikacheka, lakini njia nzima ya kurudi nyumbani neno lile nilikuwa nalo.

Kisa ni igizo. Mimi, ambaye hata kwenye kitchen party nikipewa kipaza sauti nakipitisha kwa wa pembeni, siku hizi naigiza.

Nilivutwa na jirani. Kikundi chao kinafanya mazoezi Jumamosi saa kumi jioni kwenye darasa la shule ya msingi, mtaa wa pili kutoka kwetu, madawati yakisukumwa nyuma na ubao ukiwa bado na hesabu za sehemu za watoto. Aliniambia wanahitaji mtu wa kushika karatasi na kuwakumbusha maneno wanaosahau. "Hutasema neno mbele za watu," akaniapia. Tuko kumi na moja. Kuna fundi cherehani, kuna dada wawili wa mitumba, kuna kijana wa bodaboda ambaye simu ya abiria ikiita anaondoka katikati ya tukio hata kama ndiye marehemu. Anayetuongoza ni mwalimu mstaafu, nasi tunamwita Mwalimu tu. Hakuna anayelipwa. Kila mazoezi tunachanga elfu moja moja ya maji na dharura.

Igizo lenyewe linahusu mikopo ya kausha damu. Mama mchuuzi wa dagaa anakopa laki moja. Mkononi anapewa elfu tisini, kwa sababu elfu kumi ni ya fomu. Anatakiwa kurejesha elfu tano kila siku kwa siku 26. Akishindwa, wanakuja kubeba friji, godoro, hata sufuria zikiwa na ugali. Mwanza hakuna haja ya kumweleza mtu hilo ni nini.

Aliyekuwa anacheza afisa mikopo alijifungua wiki tatu kabla ya onyesho. Mwalimu akazungusha macho darasani, yakaja kutua kwangu. "Wewe maneno yote unayo." Ni kweli nilikuwa nayo, ila nilivyoyasema ungedhani nasoma matangazo ya vifo redioni. Akanisimamisha.

"Unafanya kazi gani vile?"

"Dukani, Mwalimu. Tunauza nyavu, kamba, maboya, taa za sola."

"Wavuvi wanakopa?"

"Wanakopa sana."

"Akichelewa kulipa unamwambiaje?"

"Simwambii kitu. Nafungua daftari, nalitazama kidogo. Halafu namuuliza habari za nyumbani."

Darasa likanyamaza. Yule fundi cherehani akasema taratibu, "Mungu wangu." Mwalimu akasema, "Fanya hivyohivyo."

Kwenye karatasi, afisa yule alikuwa anafoka, mkono kiunoni, miwani puani, kama wabaya wote wa maigizo yetu. Tukayafuta yote. Nikaleta daftari la zamani la dukani, lile la jalada gumu, na kalamu yake iliyofungwa kwa uzi wa nyavu ili wateja wasiondoke nayo. Nikawa naingia polepole, nasalimia, nakaa, nafungua. Sikuhitaji kujifunza chochote, na hilo ndilo sikulifikiria wakati ule. Wenzangu walikuwa wanasifia kipaji, nami nikasifika.

Mwalimu anapenda kutukumbusha kwamba aina hii ya igizo si ngeni mkoani kwetu. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 walimu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, akina Penina Muhando Mlama na Amandina Lihamba, walikuja Malya, kule Kwimba, wakakaa na wanakijiji. Wanakijiji wenyewe ndio waliosema kinachowasumbua, mimba za wanafunzi zikiwemo, kisha wakakitengenezea ngoma na michezo, na baada ya kucheza wakajadiliana. Sisi si wasomi wa chuo kikuu, ila tumeiga hapo. Igizo letu halimaliziki. Likifika pabaya kabisa Mwalimu anapiga makofi, tunaganda, anawauliza watazamaji: huyu mama afanyeje? Mwenye jibu anaingia uwanjani mwenyewe kulicheza.

Tulikwenda kuonyesha mwaloni Igombe, ufukweni mitumbwi inaposhushia dagaa, na siku tuliichagua kwa kutazama mbinguni. Dagaa huvuliwa usiku kwa taa, na mbalamwezi ikiwaka ziwa zima linakuwa jeupe, dagaa hawakusanyiki kwenye mwanga wa taa, kwa hiyo wavuvi wanapumzika siku kadhaa. Ndipo unawakuta nchi kavu, wanashona nyavu, wanacheza bao, wana muda. Kitu ambacho hatukukipigia hesabu ni kwamba siku hizohizo ndizo mwalo hauna hela. Vichanja vitupu, mama lishe anapika nusu ya sufuria, na marejesho hayajui mwezi mpevu. Tuliwapelekea igizo la deni wiki wanayodaiwa.

Jukwaa lilikuwa mchanga. Nilikuwa natetemeka, nikakumbuka maneno ya babu yangu, aliyekuwa mcheza ngoma wa Bagalu, mojawapo ya vyama viwili vya ngoma vya Wasukuma vinavyoshindana; kingine ni Bagika. Alikuwa akitusimulia Bulabo, sikukuu ya mashindano ya ngoma pale Bujora, mwezi wa sita: Bagika huku, Bagalu kule, wanacheza wakati uleule, na ushindi ni wa aliyevuta watu wengi. Mtazamaji wa Usukumani hapigi makofi ya adabu. Ukimchosha anageuka, unaona mgongo. Ndiyo maana wengine wanacheza na chatu! Mimi nilikuwa na daftari.

Nikaingia. Nikasalimia, nikakaa kwenye ndoo, nikafungua ukurasa, nikautazama. Halafu: "Habari za nyumbani, mama?" Hakuna aliyecheka. Migongo haikugeuka. Mtoto mmoja alikuwa anatafuna muwa, akaacha.

Mwalimu alipopiga makofi, wa kwanza kuingia alikuwa kijana mvuvi. Dawa yake ilikuwa kujificha chini ya mtumbwi, na watu wakafurahi mno. Mama mmoja akapiga hesabu kwa sauti kutoka pale alipokaa: elfu tano mara siku 26 ni laki na elfu thelathini, na mkononi alipewa tisini, kwa hiyo tusidanganyane kuhusu asilimia. Halafu akainuka bibi mmoja mwembamba, khanga mbili, akaja taratibu. Watu wakampisha, "Pita, mayu," yaani mama kwa Kisukuma. Hakuigiza kulia. Alikaa mbele yangu, akachukua daftari mkononi mwangu, akaligeuza upande huu na ule, akanirudishia.

"Mwanangu, mimi sikusoma. Nisomee ulichoandika hapa kabla sijaweka dole gumba."

Sikuwa na maneno. Hayakuwemo kwenye karatasi, na mtu wa kukumbusha maneno ndiye mimi. Nilitazama ukurasa, na kwa kuwa ni daftari la kweli palikuwa na majina ya kweli: fulani, kamba mita mia, elfu arobaini bado, fulani, maboya, bado, bado, bado. Kinywa kikajisemea chenyewe neno ninalolisema kila wiki nyuma ya kaunta:

"Si ulikubali mwenyewe?"

Mwalo wote ukaguna. Siyo kelele, ni ule mguno wa chini, wa watu waliowahi kuambiwa. Bibi akatikisa kichwa, akasema, "Haya." Akarudi kukaa.

Baadaye wote walinipongeza. Kwenye daladala ya kurudi kijana wa bodaboda, ambaye siku hiyo alizima simu kwa heshima ya sanaa, aliniambia nimezaliwa kuigiza. Jirani alitaka kujua neno lile nililitoa wapi. Nikasema limekuja tu.

Habari za mwaloni hufika Kirumba kabla ya dagaa wenyewe, ndiyo maana ya nyongeza yangu. Sijui kama yule mama ananitania au la. Ukweli mimi simkopeshi mtu hela, natunza tu daftari la bosi, na duka nalo lina wanaolidai. Nimejieleza hivyo kichwani mara nyingi wiki hii kuliko ninavyopenda.

Mbalamwezi imekwisha. Juzi jioni nimeona mitumbwi ikitoka, taa zikianza kuwaka mojamoja, na leo asubuhi akaja dukani yule wa kamba mita mia. Alisimama mlangoni kama anayepima kina cha maji. Nikasema, "Mwadila, baba," salamu ya Kisukuma ya mchana na jioni, nikiwa nimekosea maana ilikuwa bado asubuhi, akacheka, akaingia. Kaleta elfu ishirini. Tukaongea kuhusu upepo. Daftari nimelifungua alipokwisha kuvuka barabara.