Kulala Njiani kwa Kiboko

Nilitoka Mwanza kwa baiskeli, hema na mchele vikiwa kwenye keria, nikikusudia kuizunguka Ghuba ya Speke kwa kupitia Magu, Lamadi na Bunda hadi Kisorya, nivuke kwa kivuko kwenda Ukerewe, kisha nirudi kwa meli kutoka Nansio. Siku mbili za kwanza hazina la kusimulia ila pancha moja na upepo wa usoni.

Usiku wa tatu, ng'ambo kidogo ya Kibara, mtu mmoja alinionyesha uwanja kando ya ziwa akanitoza shilingi 10,000, fedha ambazo zingenipatia gesti yenye kitanda na chandarua. Nililipa kwa sababu ya nyasi: zilikuwa fupi, zimelingana kama zulia, nikamsifu moyoni kwa kufyeka. Kinyesi kilichotapakaa juu ya kichaka nilikidhania cha ng'ombe, ingawa sijawahi kuona ng'ombe anayerusha cha kwake hadi kimo cha goti.

Baada ya saa sita usiku nikasikia nyasi zikikwanyuliwa, na pumzi nzito ikifuatia kila mkwanyuo. Nilifungua zipu upana wa kidole. Mwezi haukuwapo, na taa za wavuvi wa dagaa zilijipanga ziwani mithili ya mtaa. Taa hizo zikaanza kupotea mojamoja kuanzia kushoto, kisha zikaonekana tena upande uleule. Ndivyo nilivyotambua kuwa kitu kilichozikinga kilikuwa kinatembea. Sikuwasha tochi wala sikukohoa. Nilikitamani chumba changu cha Mabatini, pamoja na muziki wa baa ya jirani ambao huulaani kila Jumamosi.

Kulipopambazuka nilimwamkia mzee aliyekuwa akianika dagaa. "Marahaba. Mwanangu, umelala njiani," akasema, akanionyesha mifereji miwili iliyochimbwa na miguu, na tuta katikati yake. Hema langu lilikuwa limekaa juu ya tuta. Nyasi zilifyekwa na kiboko mwenyewe, ambaye hukata kwa midomo na anaweza kula kilo 40 kwa usiku mmoja. Nyayo za kurudi majini zilipita hatua tatu kutoka kichwani pangu.

Nilimfuata mwenye uwanja nikamdai fedha zangu. Akanitazama kuanzia miguuni hadi kichwani.

"Kaka, si umeamka salama?"