Usiku mzee alipotoka nje katikati ya muvi

Mshua alikuwa askari magereza, kastaafu na usajini wake, na miaka yote tuliyokaa kota sijawahi kumsikia akisimulia ya kazini. Alikuwa anarudi, anavua buti mlangoni, anaomba maji, basi. Sasa 2008, tushahamia Morogoro, nikakodi The Green Mile kwa mia tano. Nilichukua kwa sababu ya Tom Hanks tu, sikujua kama ni ya gereza, na mzee akakaa kuangalia na sisi kitu ambacho huwa hafanyi kabisa.

Muvi yenyewe ni ndefu, masaa matatu na dakika zake, ni Louisiana mwaka 1935, upande wa waliohukumiwa kifo, sakafu ya kijani ndo imeipa jina. Analetwa John Coffey, jitu refu mpaka anainama mlangoni, kahukumiwa kwa kuua watoto wawili wa kike, na swali la kwanza anauliza kama usiku huwa wanaacha taa maana yeye giza linamtisha. Mimi nilikuwa namtafsiria mzee kwa sauti ya chini, nilipofika hapo akaniambia nyamaza, nimeelewa.

Afu likaja la panya. Kuna mfungwa anaitwa Delacroix ana panya wake kamfundisha kusukuma kigurudumu cha uzi, askari mmoja mkorofi, Percy, akamkanyaga yule panya kwa makusudi, na Coffey akamchukua mkononi, akamvutia pumzi, panya akainuka! Mama akasema subhanallah. Mzee kimya, anamwangalia Percy tu, akasema "huyo siyo askari, huyo alitakiwa avuliwe gwanda siku ileile."

Siku ya Delacroix kukalishwa kwenye kiti cha umeme ndo mambo yaliharibika. Ile sponji ya kichwani inatakiwa ilowekwe maji ya chumvi ili umeme upite haraka mtu asiteseke, Percy akaiweka kavu, anajua kabisa anachofanya, na yule mtu akaungua akiwa hai, kelele mpaka watu wakakimbia. Mzee akainuka. Hakusema kitu, akafungua mlango akatoka, nikajua kaenda chooni, dakika kumi hajarudi ikabidi nimfuate.

Nikamkuta amekaa kwenye ngazi hata kandambili hajavaa. Nikakaa pembeni yake. Akasema, "mwanangu, mtu akilia usiku selo unamsikia, unajifanya unahesabu funguo." Basi, hiyo sentensi moja ndo yote niliyowahi kupewa kuhusu miaka yake ile, na mpaka leo sijathubutu kumuuliza alikuwa nani huyo aliyekuwa analia. Nilitamani nimshike mkono lakini kwetu hatukuzoea, nikabaki nimekaa tu mbu wanatula.

Baadaye akaniuliza, "yule mkubwa bado yupo?" Tukarudi ndani. Tukaona Coffey alivyomtoa mke wa mkuu wa gereza ugonjwa wa kichwani, tukaona mpaka mwisho, askari wote wanajua hana hatia na bado wanamfunga mikanda ya kiti huku wanalia, na yeye anawaomba wasimfunike uso kile kitambaa cheusi. Mzee akasema rudisha. Nikarudisha. Tom Hanks, ambaye ndo mkuu wa wale askari, akakubali, kitambaa hakikuwekwa, mzee akatikisa kichwa kama anamjibu mtu, machozi yanamtoka na hayafuti.

Michael Clarke Duncan, yule aliyecheza Coffey, alifariki Septemba 2012. Niliposikia nikampigia mzee kutoka Dar, jina halikumwambia kitu, nikaanza kumweleza ile muvi ya gereza, akanikatiza.

"Yule wa taa?"

Nikamwambia ndiyo baba, huyo huyo. Akakaa kimya muda mrefu mpaka nikadhani salio limekwisha, afu akaniuliza nakuja lini nyumbani.