Kihifadhi skrini cha bure kwenye kompyuta ya kaunta

Katika maduka mengi ya steshenari, kompyuta ya mezani huwekwa pembeni mwa kaunta, na skrini yake hugeuzwa kidogo kumwelekea mteja ili ahakiki jina lake lilivyoandikwa kabla karatasi haijachapwa. Hata duka ninalofanyia kazi hapa Chikongola, Mtwara mjini, limepangwa hivyo. Mpangilio huo unarahisisha kazi, lakini mchapaji akiinuka kwenda kutoa fotokopi au kutafuta chenji kwa jirani, barua ya mtu hubaki wazi mbele ya kila anayeegemea kaunta. Jambo hili huwa zito zaidi msimu wa korosho unapoanza Oktoba, kwa sababu makatibu wa AMCOS, yaani vyama vya ushirika vya wakulima, hutuletea orodha za wakulima zenye majina, kilo walizopeleka ghalani na namba za akaunti za benki zitakazopokea malipo baada ya mnada. Orodha ya namna hiyo haifai kusomwa na mtu aliyekuja kununua kalamu.

Ndiyo maana nakitetea kihifadhi skrini, au skrinseva kama wengi tunavyoiita, yaani programu inayoifunika skrini kompyuta isipoguswa kwa muda, wakati watu wengi wanakiona kuwa ni pambo lililopitwa na wakati. Nakubali kwamba sababu yake ya mwanzo imekwisha. Zile monita za chogo zilikuwa na tabaka linalong’aa ndani ya kioo, lililochakaa mahali picha ilipokaa bila kubadilika, na alama yake ikabaki kwenye kioo hata baada ya kuzimwa. Kwa ajili hiyo John Socha aliandika programu ndogo iitwayo SCRNSAVE, iliyochapishwa katika jarida la Softalk la Desemba 1983, ambayo kazi yake ilikuwa kuifanya skrini iwe nyeusi ikiwa kompyuta haijaguswa kwa dakika 3. Skrini bapa za LCD tulizonazo sasa haziungui kwa namna ile, ingawa zile za OLED bado zinahitaji uangalizi. Kwa duka kama letu, kazi iliyobaki ni kufunika na kufunga: kufunika kilichoandikwa, na kuifunga kompyuta ili asiyehusika asiifungue kwa kugusa kipanya.

Mtu anaweza kuuliza kwa nini tusiridhike na vile vinavyokuja na Windows. Vipo Bubbles, Ribbons na Mystify, na vinafanya kazi, ila ukibofya kitufe cha mipangilio yake unaambiwa kwamba hakuna cha kupanga. Bubbles ina kasoro kubwa zaidi kwa matumizi yetu, kwa kuwa kwa kawaida mapovu yake huelea juu ya kile kile kilichokuwa kwenye skrini, na orodha ya wakulima inaendelea kusomeka nyuma yake. 3D Text ndiyo yenye mipangilio ya kutosha: unaandika maneno yako, unachagua aina ya herufi, ukubwa, kasi na namna ya kuzunguka. Anayetaka jina la duka lizunguke kwenye skrini hana haja ya kupakua chochote.

Mimi nilitaka kitu kinachopendeza machoni mwa mtu anayesubiri zamu yake, kwa hiyo nimeweka Solar Winds, mojawapo ya vihifadhi skrini vya mkusanyiko wa Really Slick Screensavers uliotengenezwa na Terry Welsh. Ni programu huria, haina malipo wala matangazo, na faili lake ni dogo kiasi kwamba bando la kawaida la simu linatosha kulipakua. Skrini huanza ikiwa nyeusi tii, kisha chembe za mwanga huchomoza sehemu nyingi kwa pamoja na kupeperushwa na upepo usioonekana, zikijikunja, zikijisokota na kuachana, huku rangi zikihama polepole. Katibu mmoja wa makamo kutoka Nanyamba aliitazama kwa muda mrefu wakati nikimchapia orodha yake kwenye mashine ya pili.

“Mwanangu, hii ni video?” aliuliza.

“Hapana, mzee wangu. Kompyuta yenyewe ndiyo inayoichora sasa hivi tunapoitazama.”

“Kwa hiyo kesho nikija nitakuta nyingine.”

Alikuwa sahihi kabisa, na hapo ndipo ulipo utamu wa programu hizi. Hakuna picha iliyohifadhiwa mahali popote. Kila fremu, yaani kila picha moja ya mwendo huo, hukokotolewa upya na kuchorwa na kadi ya grafiki. Lakini kwa sababu hiyo hiyo kihifadhi skrini kinaweza kuitwisha kompyuta mzigo mkubwa kuliko kazi ya kuchapa barua, na asiyekipanga anaweza kushangaa kusikia feni ikivuma wakati hakuna mtu anayefanya kazi.

Kabla ya mipangilio kuna usalama, na hapa naomba msomaji awe makini sana. Faili la kihifadhi skrini katika Windows huishia na herufi .scr, na watu wengi hulichukulia kama picha. Kwa kweli ni programu kamili kama lilivyo faili la .exe, na ukilibofya mara mbili linaweza kufanya chochote ambacho programu nyingine inaweza kufanya, pamoja na kuingiza virusi. Faili la .scr lililotumwa kwa barua pepe au lililokutwa kwenye flashi ya mteja lisifunguliwe kamwe, hata kama jina lake linasema ni picha za harusi. Pakua kutoka tovuti ya mtengenezaji mwenyewe, lipitishe kwenye programu ya kuzuia virusi, na ujiepushe na tovuti zinazokusanya maelfu ya vihifadhi skrini na kuvifungasha pamoja na vitu ambavyo hukuviomba. Mfano mzuri wa kukumbuka ni XScreenSaver, mkusanyiko mkubwa wa Linux ambao Jamie Zawinski ameutunza tangu 1992. Mwenyewe hajatoa toleo la Windows, kwa hiyo ukikutana na linalodai kuwa ni hilo, liache lilipo.

Ukishalipata faili salama, lihamishie kwanza kwenye folda ya kudumu, ndipo ulibofye kwa kitufe cha kulia cha kipanya na kuchagua Install. Windows hukumbuka mahali faili lilipokuwa wakati huo, kwa hiyo ukilisakinisha likiwa kwenye folda ya vilivyopakuliwa, siku utakapoifagia folda hiyo kihifadhi skrini nacho kitatoweka. Katika Windows 11 menyu hiyo imefichwa kidogo, na inabidi kwanza uchague Show more options. Dirisha la kuchagua na kupanga hufunguka lenyewe baada ya kusakinisha, na siku nyingine utalipata kwa kuandika maneno screen saver kwenye sehemu ya kutafutia ya menyu ya Start.

Solar Winds ina mipango sita iliyokwisha kuandaliwa, na kila mmoja una sura yake. Regular ndio wa kawaida, Cosmic Strings hugeuza chembe kuwa nyuzi ndefu, na Space Fur hufanana na manyoya yanayopulizwa. Ningemshauri mtu aanze na mmoja wa hiyo, halafu arekebishe namba moja moja huku akitazama, kwa maana ukibadilisha tano kwa pamoja hutajua ni ipi iliyoharibu au kupendezesha. Namba ya chembe ndiyo yenye uzito kuliko zote. Kwenye Dell OptiPlex yetu ya mtumba, ambayo haina kadi ya grafiki ya pekee bali inategemea ile iliyomo ndani ya prosesa, chembe 1000 zinatosha kuijaza skrini bila feni kupandisha sauti, na juu ya hapo mwendo huanza kukatikakatika. Umbo la chembe linaweza kuwa mwanga, nukta au mstari. Mwanga ndio mzuri zaidi na ndio mzito zaidi. Ukubwa wa chembe nimeuongeza kidogo ili kufidia uchache wake, na kasi ya upepo nimeipunguza, kwa sababu mwendo wa haraka mbele ya mtu aliyechoka na safari ya basi kutoka Newala humsumbua macho.

Kuna pia kipimo cha ukungu, yaani kiasi cha mkia ambao kila chembe huuacha nyuma inapopita. Mkia mrefu hulainisha mwendo na kuficha ukatikaji wa fremu kwenye kompyuta dhaifu, lakini ukiuzidisha, skrini nzima hugeuka utandu wa rangi usio na umbo. Nimeuacha chini ya katikati. La mwisho ni ukomo wa fremu kwa sekunde, na huu ndio mpangilio ninaoupenda kuliko wote ingawa hauonekani kwa macho: ukiuweka kwenye 30, kompyuta haitachora zaidi ya hapo hata kama ina uwezo, na joto hupungua mara moja. Kwa hali ya hewa yetu ya pwani, ambapo chumba kisicho na kiyoyozi huwa na joto tangu asubuhi na vumbi hukaa kwenye feni kwa urahisi, tofauti hiyo ina maana kubwa kwa maisha ya mashine.

Sasa nije kwenye muda, ambako ndiko watu wengi hukwama. Windows ina saa mbili zinazohesabu kwa wakati mmoja: ya kihifadhi skrini, na ile ya umeme inayoamua lini skrini izimwe. Kama ya umeme imewekwa dakika 5 na ya kihifadhi dakika 10, hutakiona kihifadhi hata siku moja, kwa sababu skrini itakuwa imezimwa tayari, na utadhani programu ni mbovu. Sisi tumeweka kihifadhi kianze baada ya dakika 3 na skrini izimwe baada ya dakika 10, hivyo mwanga hucheza kwa dakika 7 hivi na kisha skrini hulala. Tumetia alama pia kwenye kisanduku kinachoagiza kwamba mtu akigusa kipanya arudishwe kwenye ukurasa wa kuingilia. Bila alama hiyo, kihifadhi ni pazia tu ambalo yeyote anaweza kulifunua. Na kwa kuwa dakika 3 zinatosha mtu kusoma ukurasa mzima, mchapaji anapoinuka akiwa na orodha ya wakulima mbele yake, abonyeze kitufe cha Windows pamoja na L, na kompyuta itajifunga papo hapo.

Kuiacha skrini ilale baada ya muda kunahusu LUKU. Nimesikia mara nyingi ikisemwa kwamba kihifadhi skrini kinaokoa umeme, na si kweli. Katika skrini ya LCD ya kawaida taa ya nyuma huendelea kuwaka hata picha ikiwa nyeusi, kwa hiyo matumizi hayabadiliki sana. Skrini ya wati 20 ikiwaka saa 10 hula uniti 0.2, na hiyo ni kabla hujahesabu umeme wa ziada ambao kasha la kompyuta linautumia kuchora chembe. Anayetaka kuokoa uniti aizime skrini. Kihifadhi kimekuja kwa kazi nyingine.

Kipo kikwazo kimoja kidogo ambacho huwachanganya wengi: kihifadhi kinaanza, kinakatika baada ya sekunde chache, kinaanza tena. Mara nyingi kosa liko kwenye kipanya. Kipanya cha mwanga kikiwekwa juu ya kaunta ya kioo au meza inayong’aa, mshale hurukaruka wenyewe, na Windows hudhani mtu amerudi kazini. Kipande cha kitambaa au karatasi ngumu chini yake kinamaliza tatizo. Mtikisiko wa jenereta iliyo karibu na meza nao unaweza kuleta hali hiyo hiyo.

Wapo watakaopenda vingine. Fliqlo ni saa ya namba kubwa nyeupe kwenye skrini nyeusi, nayo inafaa ofisi tulivu. Skyrocket, ya Terry Welsh huyo huyo, hurusha fataki angani na ina sauti, ambayo dukani ni lazima izimwe kwenye mipangilio yake. Electric Sheep, iliyoanzishwa na Scott Draves mwaka 1999, ndiyo ya ajabu kuliko zote: kompyuta za watu mbalimbali duniani husaidiana kuchora maumbo kupitia intaneti, na watazamaji huyapigia kura kwa vitufe vya mshale wa juu na wa chini, yale yanayopendwa yakaishi na kuzaa mengine. Ningeitumia kwa furaha kama tungekuwa na intaneti isiyopimwa, lakini hupakua video moja baada ya nyingine, na kwa duka linaloendeshwa kwa bando la simu, bando la wiki linaweza kuisha kabla ya siku zake.

Kama mnapokezana zamu, kumbukeni kwamba mipangilio ya Solar Winds huhifadhiwa kwa kila akaunti ya Windows peke yake, pamoja na ule muda wa kusubiri na alama ya kufunga. Ukiipanga kwenye akaunti ya asubuhi, ya jioni itabaki kama ilivyokuwa, kwa hiyo iingie kila akaunti na kurudia kazi yote. Namba zetu tumeziandika kwenye karatasi iliyobandikwa ndani ya mlango wa kabati, ili atakayeanza kazi na akaunti mpya asiulize.