Nilivyosomea sheria ya jinai Mwanza huku nikiuza dagaa

Vijana wengi wa huku kanda ya ziwa wanaotamani kufanya kazi katika vyombo vya haki jinai huona milango miwili tu: kusubiri tangazo la ajira la jeshi la polisi au la magereza, au kupata alama za kuingia moja kwa moja shahada ya sheria. Mimi nilipita katikati. Nilisoma astashahada ya sheria kwa mwaka mmoja, nikaendelea na stashahada kwa miaka miwili katika chuo kilichopo hapa jijini Mwanza, na muda wote huo sikuacha biashara yangu ya dagaa katika soko la Mwaloni, Kirumba.

Sifa ya kuingia astashahada si kubwa kama watu wanavyodhani, kwani ufaulu wa masomo manne ya kidato cha nne, yasiyo ya dini, unatosha kuomba. Kabla ya kulipa hata ada ya fomu nilihakikisha kwamba chuo na kozi yenyewe vinatambuliwa na NACTVET, baraza la taifa linalosimamia elimu ya ufundi na vyuo vya kati, kwa sababu cheti kisichotambuliwa hakikufikishi popote unapotaka kupanda ngazi. Nilisoma pia yaliyoandikwa kuhusu Tume ya Rais ya kuboresha taasisi za haki jinai, iliyoongozwa na Jaji Mkuu mstaafu Mohamed Chande Othman na kukabidhi ripoti yake mwaka 2023. Nilitaka kuona mnyororo mzima, kuanzia kukamatwa kwa mtu, upelelezi, mashtaka, hukumu hadi urekebishaji gerezani, ili nijue ni sehemu ipi inanifaa. Nilibaini mapema kwamba kazi ya kushika silaha hainivutii, lakini kazi ya majalada na ushahidi inanivutia sana.

Kuhusu muda, biashara ya dagaa ilinisaidia kwa namna ambayo wanafunzi wenzangu hawakuielewa. Dagaa huvuliwa usiku wa giza, kwa taa, na mitumbwi hurudi alfajiri. Kwa hiyo asubuhi nilikuwa sokoni, mchana mdogo wangu alishika meza, na jioni niliingia darasani. Mbalamwezi ikiwa kali, wavuvi wengi hupumzika na soko hupoa, na siku hizo ndizo nilizozitenga kwa ajili ya insha na kusoma hukumu. Ratiba yangu ya masomo, kwa kweli, ilipangwa na mwezi kuliko ilivyopangwa na chuo.

Hata hivyo, kilichoniwezesha kufaulu ni kwenda kukaa mahakamani. Mashauri ya jinai kwa kawaida husikilizwa katika mahakama ya wazi, isipokuwa machache kama yale yanayowahusu watoto, na raia yeyote aliyevaa kwa staha na kuzima simu anaweza kuketi nyuma na kusikiliza. Nilianzia mahakama ya mwanzo, ambako lugha ni Kiswahili na mambo huenda haraka, kisha nikahamia mahakama ya wilaya. Huko niliona kwa macho hatua ambazo Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai, Sura ya 20, inazieleza kwa vifungu vikavu: mshtakiwa kusomewa hati ya mashtaka, masharti ya dhamana, usikilizwaji wa awali, mashahidi wa upande wa mashtaka kuhojiwa na kudodoswa, kisha hakimu kuamua kama kuna kesi ya kujibu. Niliona pia kesi zikipigwa kalenda kwa maelezo yale yale kwamba upelelezi haujakamilika, na nikaelewa kwa nini suala la ucheleweshaji hujadiliwa kila mara taifa linapozungumzia haki jinai.

Somo la ushahidi ndilo lililowatisha wengi darasani, na ndilo nililolipenda. Mahakama ya Rufani, katika uamuzi wa mwaka 1980 ambao kila mwanafunzi wa sheria hapa nchini hufundishwa, ilieleza mambo ya kupimwa pale shahidi anapodai kumtambua mtu katika mazingira magumu: alimwona kwa muda gani, kutoka umbali gani, mwanga ulikuwaje, na kama alimfahamu kabla. Mtu aliyekulia mjini anaweza kukariri orodha hiyo bila kuihisi. Mimi nimekulia kando ya mitumbwi ya dagaa, nikaona karabai zikibadilishwa na taa za sola, na ninajua kwamba mwanga ule unamulika maji vizuri sana huku uso wa mtu aliye upande wa pili wa mtumbwi ukibaki kivuli. Kwa hiyo niliposoma kwamba haitoshi shahidi kusema kulikuwa na taa, bali aeleze ukali wake na mahali ilipokuwa, sikuhitaji maelezo ya ziada.

Vivyo hivyo kuhusu vielelezo, yaani vitu vinavyoletwa mahakamani kama ushahidi. Kwetu kesi za uvuvi haramu si jambo la mbali; nyavu zilizopigwa marufuku ziitwazo timba zinakamatwa, na sangara wasiofikia sentimita 50 wanakamatwa pia. Samaki hawezi kungoja tarehe ya kesi, hivyo mahakama hutoa amri ya kuwauza, kuwagawa au kuwateketeza kabla hawajaoza, na kinachobaki kuzungumza baadaye ni hati ya orodha ya vitu vilivyokamatwa. Mahakama ya Rufani imesisitiza kwamba mshtakiwa awepo na apewe nafasi ya kusikilizwa kabla ya amri hiyo kutolewa, na hati isiyozingatia jambo hilo haina nguvu dhidi yake. Niliandika insha yangu ya mwisho kuhusu suala hilo, nikitumia hukumu nilizozipata bure katika TanzLII, tovuti ya sheria na hukumu za Tanzania. Nashangaa mpaka leo kuona wanafunzi wakinunua muhtasari uliorudufiwa hadi hausomeki vizuri, wakati hukumu zenyewe zimewekwa wazi kwenye simu zao.

Tatizo la lugha lilikuwa la kweli. Tangu marekebisho ya sheria ya mwaka 2021 Kiswahili ndicho lugha ya mahakama, lakini sisi tulifundishwa na kutahiniwa kwa Kiingereza. Nilitenga daftari moja la istilahi za lugha zote mbili, na lilinifaa zaidi nilipokwenda mafunzo kwa vitendo katika masjala ya mahakama, ambako nilifungua majalada, nilipanga nyaraka na kuandika hati za wito. Kazi ya masjala wengi huidharau, nami nadhani hawajui kwamba jalada likipotea, hata rufaa hukwama.

Nilipohitimu sikupata ajira serikalini mara moja. Niliajiriwa kama karani katika ofisi ya wakili, mshahara ukiwa mdogo kuliko faida ya dagaa katika mwezi mzuri, na huko nimejifunza kuandaa maombi ya dhamana na sababu za rufaa. Kwa kuwa wastani wangu wa alama za stashahada (GPA) ulivuka 3.0, niliruhusiwa kuomba shahada, na sasa nasoma Chuo Kikuu Huria cha Tanzania kupitia kituo chake cha hapa Mwanza. Nikimaliza, nitalazimika kwenda Taasisi ya Mafunzo ya Uanasheria kwa Vitendo (Law School) jijini Dar es Salaam iwapo nitataka kuwa wakili, wa kujitegemea au wa serikali. Na nikichagua kuomba kazi katika Ofisi ya Taifa ya Mashtaka, jambo ambalo ndilo lililo moyoni, nataka kwanza niwe nimemaliza somo la ushahidi la ngazi ya shahada. Meza ya Mwaloni bado ipo, na mdogo wangu ndiye anayeiendesha kwa sasa.