Zimekwenda au hazikwenda?

Ami hakutaka programu. Alichotaka ni kujua kama kesho mashua zitoke au zilale, na alitaka kulijua hilo usiku, kabla watu hawajanunua barafu na mafuta. Ilikuwa msimu wa kusi wa 2023, siku chache baada ya Idd Kubwa, nami nilikuwa nimevuka kutoka Unguja kuja kula sikukuu nyumbani Wete, Pemba. Ami ni katibu wa kamati ya diko moja la wavuvi upande wa Tumbe, na ni mtu ambaye ukimwambia unafanya kazi ya kompyuta anakupa simu yake umpunguzie kelele za WhatsApp. Safari hii alikuja na jambo zito zaidi.

"Mwanangu," alisema baada ya kuitikia shikamoo yangu, "hizi habari za mawimbi unazonionesha kwenye simu yako, haziwezi kwenda kwa kila nahodha kwa meseji? Wengi wao wana simu za kitochi."

Nikamwambia zinaweza. Matangazo ya Mamlaka ya Hali ya Hewa anayasikiliza redioni miaka yote, na tulikubaliana tangu mwanzo kwamba hayo ndiyo ya kufuata. Yetu itakuwa nyongeza tu, ya bahari ile ile ya mbele ya diko lao. Kamati ilikuwa imeshalipia SMS kwa kampuni moja inayotuma ujumbe kwa watu wengi kwa pamoja. Kampuni hiyo ina API yake, yaani njia ya programu yako kuzungumza na seva zao, na kwa wanaoandika kwa lugha ya programu ya Python inakupa seti kubwa ya zana iliyokwisha tengenezwa.

Mtoto wa ami, kijana wa chuo, akaanza kuipakua seti ile. Kwetu Wete intaneti ya simu inakuja vizuri ukikaa barazani. Ukiingia ndani ni ya kuombea dua. Na seti ile haikuja peke yake. Ilitaka maktaba nyingine, yaani vifurushi vya programu zilizoandikwa na wengine, nazo zikataka nyingine, na kila ikifika katikati inakatika na kuanza upya. Bando la kijana likaisha hatujaandika hata mstari mmoja.

"Iache hiyo," nikamwambia. Nilikuwa nimeshayasoma maelezo ya kampuni, na ukiondoa mapambo yote kilichotakiwa ni ombi moja la POST, yaani la kupeleka kitu kwa seva: anwani ya seva, ufunguo wa siri kwenye kichwa cha ombi, orodha ya namba, maneno yenyewe, na rejea, yaani namba ya utambulisho unayoitunga mwenyewe. Basi. Kwa kazi hiyo sioni sababu ya mtu kubeba zana asizozijua za kampuni asiyoijua. Requests, maktaba ndogo ya Python ya kutuma maombi kwa seva, inatosha.

Requests ilianzishwa na Kenneth Reitz mwaka 2011, wakati Python ilikuwa na maktaba yake ya urllib2 iliyokulazimisha uandike mengi ili upate kidogo. Kaulimbiu yake ni kwamba hii ni HTTP, yaani lugha ya mazungumzo ya wavuti, kwa ajili ya binadamu, na kwa kweli ukiandika requests.get na anwani, umeshapata jibu. Faili lake la kupakua halifiki kilobaiti 100. Ukijumlisha na maktaba nne inazozitegemea, yaani urllib3, certifi, idna na charset_normalizer, yote haifiki megabaiti moja. Ilishuka kwa bando lililobaki kwenye simu yangu, na nikabakiwa na la kuwapigia watu.

Upande wa bahari ulikuwa mwepesi. Open-Meteo, huduma ya utabiri wa hali ya hewa mtandaoni, haitaki ufunguo wala kujisajili kwa matumizi yasiyo ya biashara. Unaipa latitudo na longitudo, unataja unachotaka, inakurudishia data kwa muundo wa JSON, ambao programu inausoma kwa urahisi. Upepo uko kwenye anwani moja, urefu wa mawimbi kwenye nyingine, kwa hiyo ni GET mbili, yaani maombi mawili ya kuuliza tu. Nukta yetu tuliisogeza nje ya mwamba, maana nahodha hakuulizi hali ya bahari ya pale anapofunga mashua. Tukataja pia majira ya Africa/Dar_es_Salaam, kwa sababu usipotaja unahesabiwa kwa saa za GMT, saa tatu nyuma yetu.

Hata hivyo ami aliposomewa meseji ya kwanza ya majaribio alikunja uso.

"Saa sita asubuhi ndo saa ngapi hiyo?"

Kijana alikuwa ameichukua 06:00 kama ilivyokuja. Kwa nahodha wa Tumbe saa sita ni jua la utosi, na mtu anayesoma kwamba bahari itachafuka saa sita atatoka alfajiri kwa raha zake. Tukaongeza mistari ya kubadilisha saa, na ami akaisoma tena kwa sauti, saa kumi na mbili alfajiri, saa tatu asubuhi, mpaka akaridhika. Sijawahi kuwa na mhariri mkali kama yule.

Laptopu iliyokusudiwa kwa kazi ile ilikuwa kuukuu, haikai na chaji, na betri yake ndogo ya saa ilikuwa imekufa. Jioni umeme ulikatika kidogo, kama dakika za kusali, ulivyorudi laptopu ikawaka ikidhani tuko 2012. Programu ikagoma kabisa: cheti cha usalama cha seva hakijaanza kutumika. Na kwa hesabu zake ilikuwa sahihi. Cheti kilichotolewa 2023 kwa mtu aliyeko 2012 bado hakijazaliwa. Kijana akapekua kwenye simu yake, akanigeukia kwa furaha.

"Dada, wanasema uandike verify=False, inapita."

Inapita, naam, kwa kuacha kukagua cheti. Anapita na mwingine yeyote atakayejifanya ndiye ile kampuni, na ufunguo wa kamati unakwenda mkononi mwake pamoja na namba za wavuvi wote. Nilikataa. Tukarekebisha tarehe kwa mkono, na siku ya pili yake kijana akaenda mjini Wete kununua betri bapa ya CR2032, jambo lililomchukua muda mfupi kuliko mabishano yetu.

Kabla ya kutuma kwa kweli nikaweka muda wa kungoja. Hili Requests haikufanyii: usipotaja kikomo, inangoja jibu bila kikomo, na programu iliyoganda haipigi kelele. Niliweka namba mbili, sekunde 5 za kuunganishwa na seva, na sekunde 30 za kungoja jibu baada ya kuunganishwa. Kwa zile GET za hali ya hewa nikaruhusu irudie mara kadhaa, ikipumzika kidogo kila baina ya moja na nyingine, kwani kuuliza mawimbi mara mbili hakumdhuru mtu. Kwa POST sikuruhusu kurudia hata mara moja.

Baada ya isha tukakaa barazani, ami kwenye kiti chake, sisi wawili sakafuni na laptopu. Utabiri ulikuwa mbaya: mawimbi ya mita mbili na ushei, upepo mkali kuanzia saa tatu asubuhi. Hii haikuwa meseji ya kuchezea. Nikaendesha programu. Upepo ukaja, mawimbi yakaja, meseji ikaundwa, ombi likaondoka. Halafu kimya. Ami alikuwa anahesabu tasbihi yake, na nafikiri alimaliza mzunguko kabla skrini haijaandika ReadTimeout.

Ingekuwa ConnectTimeout ningelala. Hiyo maana yake hatukuunganishwa na seva, hakuna kilichotoka. Lakini ReadTimeout inasema uliunganishwa, ombi limeondoka, jibu ndilo halikurudi.

"Zimekwenda au hazikwenda?" aliuliza ami.

"Sijui, ami."

"Hujui! Si weye uliyezituma?"

Kijana alikuwa na kidole juu ya kitufe. "Nirudie?"

"Usiguse."

Nikamweleza ami kwamba huenda kampuni imepokea kila kitu na jibu limepotelea njiani, na huenda haikupokea, na kwa hapa tulipo mambo haya mawili yanafanana. Tukirudia, na ya kwanza ilifika, kila nahodha anapata meseji mbili na kamati inalipa mara mbili. Tusiporudia, na ya kwanza haikufika, watu watatoka kesho bila habari. Nilitegemea aseme kompyuta hizi hazina maana. Akatia tasbihi mfukoni.

"Mashua isiporudi magharibi," alisema, "hatuweki matanga, wala hatusemi salama. Tunapiga simu diko jingine. Pengine imelala huko."

Sikumwongezea kitu, kwa sababu ndiyo kazi ya ile rejea. Kila ombi letu lilibeba rejea yake, tarehe na neno jioni, na kampuni ina anwani nyingine ya GET ambayo ukiipa rejea inakwambia imefika wapi. Tatizo ni kwamba mtandao ulikuwa umekwenda kabisa. Simu yangu haikuonesha hata mstari mmoja.

Tukiwa tunangoja, kijana akauliza swali zuri kuliko yote ya usiku ule. "Dada, na hii Requests yenyewe, umejuaje kama haikurudia kimyakimya? Pengine imeshatuma mara tatu."

Kwa ile seti kubwa ya kampuni nisingekuwa na jibu. Ningejuaje ndani yake mna nini? Lakini Requests yote ilikuwa pale pale kwenye diski, haihitaji bando kuisoma. Nikafungua faili la adapters.py. Karibu na juu pana mstari unaosema DEFAULT_RETRIES = 0. Chini kidogo pana maelezo ya Kiingereza, kijana akayasoma kwa sauti nami nikimtafsiria ami: kwa kawaida hairudii, na hata ukiiambia irudie kwa namba tu, inafanya hivyo pale ambapo jina la seva halikupatikana au muunganiko umeshindikana, kamwe si kwa ombi ambalo data yake imeshafika kwa seva. Kijana hakutosheka. Akaingia mwenyewe kwenye urllib3, akatafuta orodha ya maombi ambayo maktaba ile inakubali kuyarudia ukiipa ruhusa. Akayasoma kwa kidole: DELETE, GET, HEAD, OPTIONS, PUT, TRACE.

"POST haimo."

"Haimo."

Basi tukajua tulichokuwa hatukijui kilikuwa na ukubwa gani. Meseji ile ilitoka kwetu mara moja tu. Ama imefika mara moja, ama haikufika. Ami, ambaye hajawahi kuona mstari wa Python maishani mwake, alitaka aoneshwe ule wenye sifuri. Akauangalia kwa muda, akauliza nani kaandika. Nikamwambia ni watu wengi, wengine hawajuani. Akatikisa kichwa kwa namna ambayo mpaka leo sijui ilikuwa ya kusifu au ya kushangaa.

Mtandao ulirudi tukiwa tumeshakula. Nikatuma GET na rejea yetu, na jibu likaja na 200, yaani sawa, na orodha: zote zimepokewa, ziko kwenye foleni. Sikuwahi kumaliza kumsomea ami, simu yake ikalia mfukoni. Akaitoa, akaisoma meseji yote tangu salamu, ingawa ndiye aliyeipanga, kisha akaanza kumpigia nahodha mmoja baada ya mwingine kuuliza kama wamepata. Nilijaribu kumweleza kwamba meseji zilikusudiwa kumpunguzia kazi hiyo hiyo.

Asubuhi upepo ulikuja mkali kama ulivyosemwa, ingawa ulichelewa kidogo. Mashua nyingi zililala. Wazee wawili watatu walivua ndani ya mwamba kwa ngalawa, kama ambavyo wangefanya hata bila sisi.

Nilikuwa nimeshakata tiketi ya kurudi Unguja pale mhazini wa kamati alipokuja Ijumaa baada ya sala, na daftari lake. SMS zilizotumika ni mara mbili ya watu walioko kwenye orodha. Macho yote yakanigeukia, na kijana akasema kwa haraka kwamba tulihakikisha haikurudia, akataja na faili. Nikaifungua meseji yenyewe. Ilikuwa na herufi mia na thelathini hivi, na SMS moja inabeba 160. Ila ndani yake palikuwa na neno ng'ambo, kijana alilinakili kutoka kwenye simu yake, na simu yake huupinda mkato wa juu ukawa kama koma inayoning'inia. Mkato ulionyooka umo kwenye alfabeti ya kawaida ya SMS. Uliopinda haumo. Herufi moja tu isiyokuwamo ikiingia, meseji nzima inahamishiwa kwenye alfabeti nyingine ambayo SMS moja inabeba 70 tu, na yetu ikakatwa vipande viwili.

"Kwa hivyo kijimkato hiki kimoja," alisema mhazini, akikichungulia kwenye skrini, "tunakilipia meseji nzima?"

"Kwa kila nahodha, bwana."

Akataka nikitoe pale pale mbele yake. Nikakitoa, nikaandika upande wa pili badala ya ng'ambo. Akataka pia nimtumie yeye meseji moja ahakikishe inahesabiwa moja.

"Na hiyo ya majaribio," aliuliza ami, "analipa nani?"